Bi. Siwatu Aenda Kushitaki Bei ya Unga

Ipo nchi moja ambayo jina lake silitaji. Si kwa woga, la hasha, bali jina hilo limekwisha kusajiliwa na kampuni ya soda, na kila anayelitamka hutakiwa kuomba kibali. Ni nchi ya amani. Watu wake hawagombani, magazeti yake hayapingani, na kampuni zake, jambo hili ndilo la kujivunia zaidi, hupendana.

Chukua mfano wa vinu vya unga wa ngano. Vilikuwa vitatu: Ngano Njema, Ngano Bora na Ngano Safi. Vilikuwa mali ya matajiri watatu mbalimbali, vyenye malori ya rangi tatu mbalimbali, na redioni kila kimoja kiliapa kwamba viwili vingine vinauza vumbi. Lakini bei ya unga ilipopanda, ilipanda kwa wote watatu siku moja, saa moja, hadi senti ya mwisho. Wataalamu wa serikali waliwahi kuulizwa kuhusu jambo hilo, wakafanya utafiti wa miaka miwili, wakajibu kwamba ni hali ya hewa.

Katika mji wa Shangweni wa nchi hiyo aliishi mwokaji mikate aitwaye Bi. Siwatu pamoja na mumewe, Mzee Vuai. Siwatu alikanda, Vuai akaoka. Walikuwa na tanuri moja la matofali, na mbele ya duka meza moja ndefu ambapo mtu aliweza kukaa akanywa chai kwa mkate wa moto. Mikate yao ililiwa hospitali ya mji, chuo cha ualimu, na katika nusu ya nyumba za Shangweni. Walikuwa na binti mmoja, Kidawa, aliyeolewa mbali, na kwa hiyo waliitana Baba Kidawa na Mama Kidawa, nao hawakuwa na ugomvi na mtu.

Taabu ilikuwa ukubwa wa mkate. Kila unga ulipopanda, Bi. Siwatu alishindwa kuwapandishia watu bei, basi akawa anapunguza donge. Mwezi huu kidogo, mwezi ule kidogo. Asubuhi moja Mwalimu Ngwali, mzee mstaafu aliyekuwa mteja wake tangu enzi, aliuweka mkate kiganjani akautazama pande zote.

"Siwatu mwanangu, mkate huu umeugua?"

"Haujaugua, Mwalimu. Umefunga."

"Basi uambie ufuturu. Ramadhani imekwisha siku nyingi."

Watu wote dukani wakacheka, na Bi. Siwatu akacheka nao. Kisha akaingia stoo, akakaa juu ya gunia tupu, akajifunika uso kwa upande wa khanga. Mikono yake ilikuwa imezoea kukanda mkate wa kumshibisha mtu. Sasa ilikanda mkate wa kumdanganya.

*

Mawakala wa vile vinu vitatu walikuwa na desturi ya kukutana kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi. Walikutania kwenye meza ndefu ya Bi. Siwatu, kwa kuwa chai yake ilikuwa nzuri na kwa kuwa hawakuwa na la kuficha. Mkubwa wao alikuwa Bwana Pazi wa Ngano Njema, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Wale wengine wawili Bi. Siwatu hakuwajua majina. Aliwatambua kwa fulana zao, wa Bora na wa Safi.

Jumatatu moja alikuwa amesimama pale na birika mkononi.

"Keshokutwa tupandishe," alisema Bwana Pazi.

"Mwezi huu tena?" aliuliza wa Safi.

"Tena. Halafu wewe, lori lako limeonekana ng'ambo ya daraja. Ng'ambo ya daraja ni kwangu."

"Dereva alipotea njia."

"Asipotee. Mimi mtu akipotea njia huniuma sana. Mama, niongeze sukari."

Bi. Siwatu akamwongezea sukari. Keshokutwa yake, Jumatano, unga ukapanda katika vinu vyote vitatu, na redio ikatangaza mawingu mepesi.

Mchana ule, mikate ya mwisho ilipotoka, alimkabili mumewe mbele ya tanuri.

"Baba Kidawa, mimi nimewasikia. Kwa masikio yangu haya."

"Masikio yako yasikie kuni zinavyolia, yatosha."

"Ipo Mamlaka. Redio inasema kila siku: ukiona njama ya kupanga bei, toa taarifa, siri yako ni siri yetu."

Mzee Vuai alifuta jasho, akafikiri. "Siri yetu. Wao na nani?"

Lakini alikuwa ameishi na mwanamke yule muda mrefu, na aliijua ile namna yake ya kufunga khanga kiunoni mara mbili. Kesho yake Mwalimu Ngwali aliandika taarifa kwa mwandiko mzuri, kurasa nne: nani alisema nini, tarehe gani, akinywa chai ya ngapi. Bi. Siwatu akaikunja, akaitia kifuani, akapanda basi kwenda mji mkuu.

*

Mamlaka ya Kulinda Ushindani ilikuwa na jengo la ghorofa tisa na dirisha moja la kupokelea watu. Dirisha la pili lilikuwepo zamani, likafungwa lilipoonekana linashindana na la kwanza.

"Nimekuja kushitaki watu wanaopanga bei," alisema Bi. Siwatu.

"Karibu sana, mama," alisema dada wa dirishani. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Ah. Hapo pana tatizo. Malalamiko hapa hupokelewa kwa zabuni. Lazima wajitokeze walalamikaji wasiopungua watatu, washindane, tumpokee aliye bora. Sisi ndio Mamlaka ya Ushindani, mama. Tukimpokea mtu bila ushindani, wananchi watatuelewaje?"

Akakaa kwenye benchi kutwa nzima. Alasiri aliingia muuza karanga, na baada yake bwana mmoja aliyekuwa akitafuta choo. Dada yule akawaandikisha wote. Bi. Siwatu alishinda kwa alama chache sana, maana bwana wa choo alijieleza kwa hisia kali, na hata wajumbe wawili wa kamati ya zabuni walitokwa na machozi.

Akapelekwa ghorofa ya tisa, kwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, Dakta Mwinyigogo. Alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kuhutubia. Alivaa ya kuhutubia.

"Mama yangu," alianza, "ushindani ni kitu dhaifu. Ni kama yai. Ukiuacha ovyo sokoni, watu wataugusa, watautumia, utavunjika. Ndiyo maana taifa likatukabidhi sisi tuulinde. Nami nakuhakikishia, tumeulinda kwa miaka kumi na minane. Uko salama kabisa. Tangu tuuweke, hakuna aliyeuona."

"Mungu awabariki," alisema Bi. Siwatu.

"Na adui wa ushindani ni nani? Ni washindani, mama! Ni wao tu. Pasipo washindani, ushindani ungestawi."

Kisha akabadilisha miwani akasoma taarifa. Alipofika ukurasa wa tatu alisimama wima. Aliwaita wasaidizi wake waje kuitazama, wakaja mmoja mmoja wakiwa wamevua viatu. Katika miaka kumi na minane ilikuwa taarifa ya kwanza kupokelewa.

"Jina lako halitajulikana," alisema Dakta Mwinyigogo akimshika mkono. "Kuanzia leo wewe ni Mtoa Taarifa Nambari Moja."

"Nambari mbili yupo?"

"Bado, mama. Ndiyo maana wewe tutakulinda kwa nguvu zetu zote."

Bi. Siwatu akarudi Shangweni akiwa mwepesi. Njiani alifikiria donge la zamani, lile lililojaa mikono miwili.

*

Tangazo lilisomwa redioni siku ya tatu, baada ya taarifa ya habari.

"Mamlaka inamshukuru raia mwema aliyefichua mambo ya unga. Kwa ajili ya usalama wake hatutamtaja jina wala mtaa mwanamke huyo mwokaji mikate wa Shangweni, mwenye meza ndefu mbele ya duka na mume anayeshughulika na tanuri. Tunaomba wananchi wasijaribu kumtambua."

Shangweni ilikuwa na bekari moja tu. Koleo lilimponyoka Mzee Vuai.

"Labda hawakusikiliza," alisema Bi. Siwatu kwa sauti ndogo.

Asubuhi lori la Ngano Njema lilipita mbele ya duka bila kupunguza mwendo. Likafuata la Bora, likafuata la Safi. Bi. Siwatu akampigia simu wakala wa Bora, akajibiwa: "Kampuni yetu, kwa uamuzi wake huru, imeona isikuuzie." Akampigia wa Safi, akajibiwa: "Kampuni yetu, kwa uamuzi wake huru, imeona isikuuzie." Wote wawili walikohoa mahali pamoja.

Bwana Pazi alikuja mwenyewe kwa miguu. Aliagiza mkate wa mwisho uliokuwa rafuni, akaula polepole hadi makombo.

"Mimi, mama, sina kinyongo nawe," alisema kwa upole ule ule. "Na hata ningetaka kuwa nacho, ningelazimika kwanza kushauriana na wenzangu."

Wiki moja baadaye akaja mtu kutoka Mamlaka, Afisa Kilembwe, kijana mwembamba aliyebeba begi dogo na daftari kubwa. Bi. Siwatu alimpokea kama mtu anayepokea mvua.

"Kesi yako imekwisha, mama. Hongera."

"Wamefungwa?"

"Wamesamehewa. Sheria yetu ina kifungu kizuri kiitwacho Msamaha wa Aliyewahi. Katika kila njama, wa kwanza kuja kuungama na kuwataja wenziwe husamehewa yote. Basi wale matajiri watatu wamekuja kuungama."

"Wa kwanza ni yupi?"

"Wote. Walikuja kwa gari moja, saa moja, wakaingia mlangoni bega kwa bega. Ilibidi tuupanue mlango. Wote watatu ni wa kwanza, wote watatu wamesamehewa, na kila mmoja amepewa cheti cha uaminifu."

"Na bei je, mwanangu?"

"Bei imesamehewa pamoja nao."

Bi. Siwatu aligeukia mlango. Nje mhudumu wa hospitali alikuwa amesimama na kapu la mikate ya wagonjwa, tupu, akisubiri kuambiwa la kufanya. Mzee Vuai akamtolea ishara aende zake.

"Basi sisi tunafunga duka," alisema Bi. Siwatu. "Nitarudi shamba kwa mama yangu nikapande muhogo."

"Hapana, mama, hilo haliruhusiwi!" Kilembwe alishtuka kweli. "Uko chini ya uangalizi. Mshindani akitoka sokoni, ushindani umepungua, na hilo ni kosa. Lazima ufungue kila siku saa kumi na moja alfajiri, tanuri liwake, na wewe uwe nyuma ya meza. Mimi nimeletwa kuhakikisha."

"Nifungue niuze nini?"

"Hilo," alisema Kilembwe kwa heshima, "Mamlaka haiingilii uamuzi wa mfanyabiashara."

Basi kwa siku kumi na moja Bi. Siwatu alifungua bekari isiyokuwa na mkate. Vuai aliwasha kuni chini ya tanuri tupu. Wateja walipita, wakatazama rafu, wakatazama moshi, wakampa pole kama watu wanaopita matangani. Siku ya tano alijaribu kubaki kitandani. Kilembwe alibisha dirishani akamsomea kifungu. Siku ya saba alisimama mlangoni akautazama mtaa uliokuwa wazi pande zote, usio na ukuta wala askari, akahisi pumzi inambana kama mtu aliyetiwa ndani ya kabati.

*

Siku ya kumi na mbili Mzee Vuai alikuja na gunia begani. Alikuwa amekwenda shamba kwa mama mkwe, akasaga muhogo mkavu.

"Baba Kidawa, huu si unga wa mkate."

"Moto nauwasha bure siku kumi na moja. Kanda tu."

Akakanda. Mikate ya siku ya kwanza ilitoka kama mawe. Mwalimu Ngwali aligonga mmoja juu ya meza, akasikiliza. "Huu, mwanangu, tuwapelekee mafundi wanaojenga msikiti." Siku ya pili ilipasuka. Siku ya tatu Bi. Siwatu alitia tui la nazi, akaongeza hamira, akaufunika unga kwa blanketi la Kidawa la utotoni, akaketi karibu yake akiusikiliza. Ukaumuka.

Mkate uliotoka ulikuwa mkubwa, mweupe ndani, na ulinukia hadi hospitalini. Mwalimu Ngwali aliula akiwa amefumba macho, hakutania. Baada ya mwezi mji mzima wa Shangweni ulikuwa unakula mkate wa muhogo, kapu la wagonjwa likawa linajaa, na watu wa ng'ambo ya daraja wakawa wanavuka alfajiri kuja kununua. Bi. Siwatu alianza tena kuimba akikanda. Hata Afisa Kilembwe alikuwa akila miwili kila asubuhi. Akimaliza alipangusa midomo, akafungua daftari, akahesabu wateja.

Dakta Mwinyigogo alifika Shangweni na msafara wa magari sita. Baraza likafanyika kwenye ile meza ndefu.

"Bi. Siwatu, unauza mkate wa muhogo?"

"Nauza, Mheshimiwa."

"Katika nchi hii, nani mwingine anauuza?"

"Hakuna. Hawajajaribu."

"Yaani soko lote la mkate wa muhogo, mia kwa mia, liko mikononi mwako." Akavaa miwani ya kuhutubia. "Ndugu wananchi, huu unaitwa ukiritimba! Katika historia ya taifa letu hatujapata kuona mtu mwenye tamaa ya kushika mia kwa mia. Hata vinu vya ngano, pamoja na makosa yao, viligawana!"

"Mimi sijamzuia mtu, Mheshimiwa. Anayetaka aje, nitamfundisha."

"Umesikia, Kilembwe? Atawafundisha washindani wake. Andika hilo, hayo ni mahusiano."

Mwalimu Ngwali alisimama nyuma akataka kusema neno, akaambiwa kwamba maneno hupokelewa kwa zabuni.

Hukumu ilikuwa ya huruma. Bekari haikufungwa, kwani kufunga kungepunguza ushindani. Iligawanywa mara mbili. Mafundi walijenga ukuta wa matofali katikati ya duka, ukapita juu ya meza, ukaingia ndani ya tanuri. Upande wa kushoto ukawa bekari ya Bi. Siwatu. Upande wa kulia ukawa bekari ya Mzee Vuai. Kuanzia siku hiyo walikuwa washindani kisheria, na washindani hawaruhusiwi kuzungumza juu ya bei, unga, kuni, hamira, wateja, wala hali ya hewa.

"Na nyumbani?" aliuliza Mzee Vuai. "Huyu ni mke wangu."

"Nyumbani ndiko njama nyingi hupikwa," alisema Dakta Mwinyigogo, na Afisa Kilembwe akahamia kwao na begi lake.

*

Sasa kuishi kwao kulikuwa hivi. Siwatu, aliyejua kukanda, ilibidi pia ajifunze kuoka. Vuai, aliyejua kuoka, ilibidi ajifunze kukanda, na kutoka upande wa pili wa ukuta mkewe alimsikia akiupiga unga kama anapiga mwizi. Alitamani kumwambia apunguze maji. Hakuweza. Kwa miaka yote, moto ulipokuwa tayari, Vuai alikuwa akisema, "Haya, bibi, lete." Sasa alikohoa tu. Siku ya pili Kilembwe akapiga marufuku kukohoa.

Wakati wa kula walikaa watatu mkekani. Kilembwe alikula kwa mkono wa kulia, daftari likiwa upande wa kushoto.

"Leo kuna jua," alisema Mzee Vuai mchana mmoja, kwa kusahau.

Kilembwe akaandika.

Siku nyingine Vuai alikuja kula akiwa na mkono uliofungwa kitambaa. Alikuwa ameungua, maana kwa kukanda na kuoka peke yake alikuwa akikimbia huku na huku. Kitambaa kilikuwa kimelowa. Bi. Siwatu alifungua kinywa. Kilembwe akainua kalamu, akasubiri. Bi. Siwatu akakifunga kinywa, akamchambua samaki miiba yote, akamsogezea mumewe sahani. Kilembwe alifikiri kidogo, kisha hilo nalo akaliandika.

Ikaja siku ya kutangaza bei. Kila mmoja alipewa ubao na chaki, wakasimamishwa mbele ya umati wakiwa wamepeana migongo. Kilembwe akapuliza filimbi, wakaandika. Akapuliza tena, wakageuza mbao.

Bei ilikuwa moja.

Kilembwe alipauka kwa furaha. "Siku moja! Saa moja! Hadi senti ya mwisho!"

"Mwanangu," alisema Mzee Vuai, "hiyo ndiyo bei ya mkate. Unga wenyewe, kuni zenyewe, tui lenyewe. Ningeandika nini?"

"Mbona vinu vya ngano navyo..." alianza Bi. Siwatu.

"Vinu ni hali ya hewa, mama. Ninyi ni njama."

Adhabu ya njama ilikuwa kifungo cha miaka mitatu. Lakini Kilembwe hakuwa mtu mbaya, naye aliwaeleza kwa upole kwamba Msamaha wa Aliyewahi ulikuwepo hata kwao. Ofisi ndogo ya Mamlaka pale Shangweni ingefunguliwa kesho saa mbili asubuhi. Atakayetangulia kuungama na kumtaja mwenzake angekwenda nyumbani. Aliyebaki angekwenda gerezani.

"Mmoja tu," alisema. "Mlango wa ofisi ya hapa ni mwembamba, na fungu la kupanulia milango lilikwisha."

*

Hawakusemezana. Hawakuruhusiwa, na hata wangeruhusiwa sijui wangeanzia wapi. Bi. Siwatu alilala akitazama ukuta. Aliufikiria ule mkono wenye kitambaa, na kifua cha Vuai kilichojaa moshi wa miaka, na sakafu ya gereza ilivyo baridi. Kabla ya usingizi kumchukua alikuwa amekwisha kukata shauri. Atakwenda aseme ni yeye peke yake. Yeye ndiye aliyebeba zile kurasa nne kifuani; wacha yeye abebe na miaka mitatu.

Alipoamka jua lilikuwa limechomoza. Kitanda upande wa pili kilikuwa kitupu. Viatu vya Vuai havikuwepo mlangoni.

Akasimama pale akiwa ameshika mlango. Hakutaka kulifikiri lile neno, lakini lilikuja lenyewe: amewahi. Akajiambia kwamba ni haki yake, mzee wa watu alimwonya tangu mwanzo, asikilize kuni tu. Akajiambia kwamba yeye hana kinyongo. Lakini njia ya kwenda ofisini, ambayo ni mwendo wa dakika kumi, aliiona haiishi. Watu walimwamkia, akapita.

Mlango ulikuwa mwembamba kweli, aliingia ubavu. Ndani, Mzee Vuai alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono wenye kitambaa juu ya goti. Alipomwona mkewe alisimama kwa ghadhabu ambayo Bi. Siwatu hakuwahi kuiona.

"Umefuata nini huku? Rudi nyumbani!"

"Hakuna kuzungumza," alisema Afisa Kilembwe. Mbele yake palikuwa na karatasi moja iliyokwisha kujazwa. "Mama, una la kuungama?"

"Ninalo. Bei ile niliipanga mimi. Mimi peke yangu. Mume wangu hajui chochote, mwacheni aende zake."

Kilembwe aliandika, kalamu ikawa inapungua mwendo. Alipomaliza aliichukua karatasi ya kwanza akaiweka kando ya hii ya pili, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Kwenye ile ya kwanza palikuwa pameandikwa: *Bei ile niliipanga mimi. Mimi peke yangu. Mke wangu hajui chochote, mwacheni aende zake.*

Bi. Siwatu hakuwa msomaji mwepesi, lakini haya aliyasoma, tena yakiwa kichwa chini. Akaketi kwenye benchi kando ya mumewe, akauchukua ule mkono ulioungua akauweka juu ya mapaja yake, akaanza kufungua kitambaa atazame kidonda. Kilembwe hakumkataza. Alikuwa amejiinamia juu ya zile karatasi mbili, jasho linamtoka.

"Maneno hayawezi kulingana namna hii bila makubaliano," alisema hatimaye. "Nipo nanyi nyumbani usiku na mchana, na bado mmekubaliana. Semeni kweli, itawasaidia. Mlikubaliana lini, wapi, na mbele ya nani?"

Mzee Vuai alimgeukia mkewe. Mkewe akamjibia.

"Ijumaa moja baada ya sala, mwanangu. Miaka thelathini na mmoja iliyopita, nyumbani kwa baba yangu. Mbele ya kadhi na mashahidi wawili."

Afisa Kilembwe aliandika yote, hakuruka nukta. Kisha akafungua ukurasa mpya, akalainisha karatasi kwa kiganja, akaomba atajiwe jina kamili la kadhi.